Mnazi Mmoja: Tembo au Nazi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Jego)

Leo hatukuja kuhubiri juu ya ulevi. Wengi hapa hawaonji tembo kabisa kwa sababu ya dini yao, lakini minazi wanayo, na mgema huja kubisha hodi. Basi tuzungumze hesabu ya mwenye mnazi.

Kazi ya mgema mnaijua. Hupanda asubuhi na jioni na kotama yake, hukata kipande chembamba cha karara ambalo halijafunguka, na utomvu hudondoka kibuyuni. Mnazi mzuri hutoa lita moja au zaidi kwa siku. Utomvu huo ni mtamu, lakini chachu iliyomo kibuyuni huanza kazi papo hapo. Jioni ni tembo, kesho ni kali, na ukiliacha siku kadhaa ni siki. Kwa hiyo tembo haliwezi kungoja soko la mbali. Huuzwa karibu, siku ileile, na pesa huonekana upesi. Hapo ndipo penye utamu wake, na hapo ndipo penye mtego.

Karara linalogemwa halizai nazi. Mnazi hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Na karara likifunguka, ni kama mwaka mzima kupita kidaka, kitale, dafu na koroma mpaka tupate nazi iliyokomaa. Maana yake nini? Ukimsimamisha mgema leo, nazi ya kwanza utaiangua mwaka ujao!

Mama mmoja tuliyemtembelea alimpa mgema minazi yake yote ili alipe karo. Karo ikalipwa, hatumlaumu. Lakini akawa ananunua nazi ya kupikia wali, na minazi imesimama uani kwake. Alipotaka kurudi kwenye nazi, hakuweza kukaa mwaka mzima bila tembo wala nazi. Akamwita mgema tena.

Jambo hili si geni. Mwaka 1972 mtaalamu David Parkin alichapisha kitabu juu ya Wagiriama wa Kaloleni. Alionyesha jinsi wenye shida ya pesa walivyouza minazi na mashamba yao kwa wachache wenye uwezo. Alionyesha pia kwamba ugomvi ulipozuka, wazee walioshuhudia mapatano ndio waliotegemewa.

Sasa tufanye nini?

1. Usitoe minazi yote. Mingine igemwe, mingine izae. Ukitaka kubadilisha, badilisha michache michache, ili ule mwaka wa kungoja usikukute mikono mitupu.

2. Mapatano yaandikwe: minazi mingapi, miezi mingapi, malipo lini, na mgema akianguka nani atamtibu. Wawepo mashahidi wa pande zote mbili.

3. Fuateni sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka muuzaji awe na leseni, na inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Polisi wakija, hasara haimpati mnywaji peke yake.

4. Utomvu si tembo tu. Siki ya mnazi hutiwa kwenye achari. Kule Sri Lanka hutia chokaa kidogo chomboni ili utomvu usichache, kisha huuchemsha mpaka uwe mzito kama asali. Lakini kuchemsha kunakula kuni nyingi, kwa hiyo kikundi kijaribu kwanza kwa mnazi mmoja, kipige hesabu, ndipo kiamue.

5. Pandeni miche. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, halafu huzaa miaka 60 na kupita. Anayepanda leo anawapandia wajukuu.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatukuja kumsifu mgema wala kumtukana. Naye anatafuta riziki, tena juu ya mti. Tunasema tu mwenye mnazi ajue anachotoa.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja ahesabu minazi yake: mingapi inagemwa, mingapi inazaa, mingapi ni miche. Leteni hesabu hiyo tuiandike kwenye daftari la kikundi. Hapo ndipo tutaanzia.