Kipimo cha Haki Uwanjani

Jioni hii nataka kusema nanyi, hasa ninyi walimu wenzangu mnaosimamia michezo ya watoto, habari za kupima urefu wa miruko na mbio.

Nilipokuwa kijana kazini, nilipewa kazi ya kupima watoto walioshindana kuruka mbali. Chenezo changu kilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, nayo ililowa umande asubuhi, ikakauka mchana. Mtoto mmoja alipotua aliegemea nyuma kwa mkono. Mimi nilipima penye visigino, nisiujali mkono, nikampa ushindi. Mwenziwe aliyestahili kushinda alinitazama tu, asinene neno. Macho yale sijayasahau.

Sheria ni hii. Katika alama zote alizoacha mrukaji mchangani, za mguu, mkono au makalio, hupimwa ile iliyo karibu zaidi na mstari wa kurukia. Utepe hunyooshwa kuukabili mstari huo kwa pembe mraba. Sehemu ya sentimita isiyotimia haihesabiwi.

Msidhani kuwa mambo haya ni madogo, maana hata mabingwa wa dunia wako mikononi mwa mpimaji. Katika Olimpiki ya Mexico, tarehe 18 Oktoba 1968, Bob Beamon wa Marekani aliruka mbali hata chombo chenye darubini, kilichosogezwa juu ya reli, hakikuweza kumfikia. Waamuzi hawakukisia. Walileta utepe wa chuma, wakapata mita 8.90, na rekodi ya kale ilikuwa mita 8.35. Mruko wa ajabu namna ile ulisadikiwa kwa kuwa ulipimwa sawasawa.

Walakini huko Rome, katika mashindano ya dunia ya mwaka 1987, Giovanni Evangelisti wa Italia aliandikiwa mita 8.38, akavikwa medali ya shaba. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba urefu ule ulipangwa na maofisa, wala haukuwa wa mruko wake. Medali ikahamishiwa kwa Larry Myricks wa Marekani, aliyeruka mita 8.33. Njia ya mwongo ni fupi, na aibu iliwashukia wale walioshika kipimo.

Mbio nazo zina hesabu yake. Njia ya ndani ya uwanja wa mita 400 hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wake, kwa kuwa hapana awezaye kukimbia juu ya ukingo. Na kila mita moja ya kwenda nje huongeza zaidi ya mita 6 katika mzunguko mmoja. Ndiyo sababu anayekimbia njia ya nje huanzia mbele. Waelezeni watoto, wasidhani ni upendeleo.

Basi, walimu wenzangu, tumieni utepe usiovutika. Wapimaji wawe wawili, mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike. Mchanga usisawazishwe kabla hesabu haijaandikwa, maana alama ikishafutwa hapana shahidi tena. Mtoto aliyeshindwa kwa haki hurudi kesho kujaribu tena. Aliyedhulumiwa huenda asirudi, nasi hatutajua tulichompotezea.