Biri ya Mita Tisini



Mwezi wa Agosti mwaka 2016, Fidel Castro alipotimiza miaka 90, fundi wa Havana aitwaye José Castelar alimtengenezea biri yenye urefu wa mita 90. Fundi huyo alikuwa akivunja rekodi zake mwenyewe tangu mwaka 2001. Mwaka 2009 alipitwa na biri iliyotengenezwa Tampa, nchini Marekani. Mwaka 2011 akajibu kwa biri ya mita 81.80.

Biri ya namna hiyo haivutwi, na heri isivutwe, maana tumbaku ni tumbaku. Fahari yake i katika kazi. Castelar na wasaidizi wake waliiviringisha siku kumi katika ngome ya kale mjini humo, ikapimwa mbele ya mashahidi. Jina la fundi linajulikana.

Mpakani Busia mambo ni kinyume. Katika nchi ya Wateso, upande wa Kenya, tumbaku imelimwa miaka mingi. Mkulima huotesha miche kitaluni, huihamishia shambani, huchuma majani kuanzia ya chini, kisha huyakausha bandani kwa moto wa kuni, akikesha ili yasiungue. Jani likiisha kupimwa mizani, jina lake hupotea. Linarudi likiwa sigara, na pengine sigara hiyo inavuka mpaka gizani bila stempu ya ushuru, kwa njia za panya, kutoka upande wa Tororo, juu ya baiskeli au pikipiki za boda boda, chombo ambacho Busia yenyewe ilikizaa katika miaka ya 1960 kwa kazi ya halali kabisa.

Magendo si mageni huko. Katika miaka ya 1970 kahawa ya Uganda ilivushwa usiku hadi soko la Chepkube, nayo hazina ya Uganda ikapata hasara kubwa.

Kenya ilianza kufuatilia sigara kwa stempu za kisasa mwaka 2013, Uganda mwaka 2019. Lakini stempu haisemi yenyewe. Askari wa doria anayefungua katoni kwa mwanga wa tochi, huku mwenye mzigo akimnyoshea noti iliyokunjwa, hana mashahidi wa Havana. Ana kifaa cha kukagua, daftari la zamu, na namba yake.