Kwa Nini Waliniita "Viatu vya Kasa"

(Maneno aliyoyasema mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipotakiwa kusema machache, wenzangu wa bweni walicheka kabla sijataja habari yenyewe. Mimi ndiye yule waliyekuwa wakimwita "Viatu vya Kasa". Leo nitaeleza jina hilo lilikotoka, kwa maana mna somo ndani yake, nami nililipia somo hilo mwaka mzima.

Tulikuwa kidato cha pili. Katika kitabu cha Kiingereza palikuwa na habari ya kasa aliyepanda ufukweni usiku kwa "flippers" zake. Mwalimu akauliza maana. Neno lile nilikuwa nimelitazama katika kamusi jana yake, nikanyosha mkono upesi, nikajibu kwamba ni viatu vya mpira wavaavyo wapiga mbizi. Darasa zima likaangua kicheko. Kasa kavaa viatu! Tangu siku ile sikunyosha mkono tena mpaka mwaka ukaisha, hata pale nilipolijua jibu.

Ajabu ni kwamba mimi ni mtoto wa pwani. Nyayo za kasa mchangani nimeziona tangu utoto, na marehemu babu yangu, aliyekuwa mvuvi, alizoea kusema kwamba kasa ana makasia yake mwenyewe. Jibu nilikuwa nalo nyumbani. Sikutambua tu kwamba neno la kitabuni na kitu nilichokiona kwa macho yangu vilikuwa kimoja.

Baadaye nililichunguza neno lile. Limejengwa juu ya kitenzi "flip", yaani kupiga au kurusha kitu kwa ghafula na kwa wepesi. Waingereza wakiongeza "er" mwishoni hupata mtu au chombo kitendacho kazi hiyo, kama sisi tupatavyo kifuniko katika kufunika. Ukishika hapo, maana nyingine zote zinafunguka zenyewe.

Kwanza ni kiungo cha mnyama. Kasa huogelea kwa vile viwili vya mbele, na vya nyuma huchimbia shimo la kutagia mayai yake, yapatayo mia hivi. Pomboo na nguva wanavyo pia. Lakini msivichanganye na mapezi ya samaki. Tazameni mifupa ya kiungo cha pomboo: mtakuta mfupa wa juu ya kiwiko, miwili ya kigasha, kisha mifupa ya vidole, kama katika mkono wako wewe. Ni mkono uliofunikwa ngozi ukawa kasia.

Wanadamu wakaiga. Mwaka 1933 Mfaransa mmoja, Louis de Corlieu, alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa viatu vipana vya kuogelea. Basi jibu langu halikuwa la uongo. Lilibisha mlango wa jirani.

Huko Chicago, mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ilitoa mchezo wa gololi uitwao Humpty Dumpty. Ulikuwa na vijikono sita vya umeme. Mchezaji akibonyeza kitufe, kijikono huirusha gololi juu isitumbukie. Navyo ni flipper. Katika Italia na Ufaransa jina hilo limeimeza mashine nzima.

Wachezaji wa kriketi nao wana mpira wao wa jina hilo, ambao Clarrie Grimmett wa Australia husifiwa kwa kuubuni. Mrushaji huufinya kati ya kidole gumba na vidole vingine, kama mtu anayealisha vidole. Ukidunda hauinuki sana, ukamponyoka mpigaji aliyeungoja juu.

Kasa, mpiga mbizi, gololi na kriketi: kitendo ni kile kile. Kamusi ilinipa maana moja, nami nikaishika bila kuuliza kama inamfaa kasa.

Jana usiku, tulipokuwa tukinywa chai, mmoja wa wale waliocheka sana aliniambia, "Ndugu yangu, hata mimi sikulijua neno lile. Nilicheka kwa sababu wengine walicheka." Nilinyamaza mwaka mzima kwa kuwaogopa watu wasiojua kunizidi!

Wadogo zetu, mwenzenu akikosea neno msimcheke. Muulizeni, "Kitu hiki hufanya kazi gani?" kisha mtafute pamoja. Nawe uliyechekwa, kesho nyosha mkono tena. Wazee walisema kuuliza si ujinga.

Na sasa nawaruhusu wenzangu wa bweni waniite watakavyo.