Kuujibu Mtungi wa Kale: Ufinyanzi wa Leo kati ya Thika na Ruiru



Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa na umri wa miaka 24 na akisomea sanaa Uingereza, alikwenda Nigeria kujifunza kufinyanga. Alifikia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini waliomfunza Odundo jambo lililodumu ni akina mama wa Kigwari, na miongoni mwao Ladi Kwali. Hawakutumia gurudumu. Mama aliuweka udongo mahali pamoja, kisha yeye mwenyewe akauzunguka kinyumenyume, akiuvuta na kuulainisha, mpaka tumbo la mtungi likapanda.

Ladi Kwali mwenyewe alikuwa ameanza kuijibu kazi ya kale. Ufinyanzi alifundishwa na shangazi yake kijijini. Alipofika kituoni akajifunza gurudumu na rangi za kioo zinazoyeyuka tanurini, lakini mijusi na mistari ya mitungi ya kwao hakuiacha. Leo picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo nchi ya Kiafrika imempa mfinyanzi.

Baadaye Odundo alifika San Ildefonso, New Mexico, kwa mfinyanzi Maria Martinez. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaakiolojia walimletea Maria vigae vilivyofukuliwa karibu na kijiji chake, wakamwomba aunde vyungu vya namna ile. Yeye na mumewe Julian walijaribu na kujaribu tena, na majaribio hayo yakawafikisha kwenye vyungu vyeusi juu ya weusi, ambavyo wazee wao hawakuwahi kuvitengeneza hivyo. Waliombwa nakala, wakatoa jibu.

Vyombo vya Odundo vinaonyesha alichokichukua kote huko. Huvijenga kwa mkono, huvipaka tope jepesi la udongo, kisha huvisugua mpaka ving'ae; hakuna kioo juu yake. Akivichoma katika tanuri lenye hewa ya kutosha, chuma kilicho ndani ya udongo hushikana na oksijeni na chombo hutoka na wekundu wa rangi ya chungwa. Akikichoma tena pamoja na vipande vya kuni huku hewa imezibwa, moto hukinyang'anya chuma ile oksijeni, moshi ukaingia, na chombo kikawa cheusi, pengine na wekundu kidogo uliosalia ubavuni. Mabega ya vyombo hivyo hukumbusha mwili wa mwanamke, na shingo ndefu hukumbusha vichwa vya Wamangbetu wa Kongo. Mwaka 2019, katika jumba la Hepworth Wakefield, alivipanga vyombo vyake pamoja na kazi za kale za mataifa mengi, na mtazamaji aliona nani anazungumza na nani.

Nimekaa sana kwa Odundo kwa sababu swali lake, la kuijibu kazi ya kale, ni letu pia. Ilimbidi kwenda mbali kuwapata akina mama wa kumfundisha. Sisi tuko wapi? Hapa kati ya Thika na Ruiru, tuko mpakani mwa nchi mbili za wafinyanzi. Magharibi ni milima ya Wakikuyu. Mashariki, ukivuka Kilimambogo, ni Ukambani.

Na chungu cha pande hizi mbili kina siri ambayo mwanafunzi wa gurudumu haioni kwa kukitazama rafuni: huanzia mdomoni. Mfinyanzi huponda udongo, huuchanganya na mchanga, huufinyanga kuwa pete nene, kisha huivuta juu iwe mabega, shingo na mdomo. Nusu hiyo huachwa kivulini ikauke kiasi, mdomo upate nguvu ya kubeba uzito. Ndipo hugeuzwa kichwa chini, na ule ukingo uliobaki na unyevu huvutwa taratibu na kuzibwa, mpaka kitako kinafungwa kikiwa duara, tayari kwa mafiga matatu. William na Katherine Routledge waliieleza kazi ya wafinyanzi wa Kikuyu katika kitabu chao cha 1910. Kwenye gurudumu mambo ni kinyume: unaanza na kitako bapa, na mdomo ndio uamuzi wa mwisho. Huku mdomo huamuliwa kwanza, na tumbo zima hulazimika kuufuata.

Kwa hiyo sikubaliani na desturi iliyoenea ya kununua chombo cha umbo lolote, kukichora mistari ya kibuyu na shanga, kisha kukiita urithi. Chungu cha kale hakijajibiwa hapo. Kimevuliwa nguo tu. Msanii akiunda chombo kinachoanzia mdomoni, hata akikipaka rangi ya zambarau na kukitoboa matundu, huyo amejibu.

Tena tusiseme kazi imekufa. Sufuria na plastiki zimeufukuza mtungi jikoni, ndiyo, lakini jiko la makaa la Kenya bado lina tumbo la udongo, na vyungu vya maua vimepangwa kwenye vitalu vya miche kando ya Barabara ya Thika. Kuna mikono inayojua udongo hapo, na hatujawahi kuiita darasani.

Wafinyanzi wa Kikamba walikuwa na desturi ya kutia alama zao shingoni mwa chungu, ili kazi ya huyu isichanganywe na ya yule. Makumbusho mengi duniani yamevihifadhi vyungu kama hivyo na kuandika jina la kabila tu. Naomba karakana ya chuo chetu ianze upande huo: imwalike mfinyanzi kutoka Murang'a au Machakos kwa malipo ya mhadhiri, kila mwanafunzi afinyange chungu kimoja kizima kwa utaratibu wa mfinyanzi huyo kabla ya kubuni cha kwake, na kila chungu kinachoingia kwenye mkusanyo wa chuo kiandikiwe jina la mama aliyekifinyanga, kijiji chake, na mahali alipochimba udongo.