Mwalimu Mwanafunzi katika Mji Mgeni

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kijana ajifunzaye ualimu, siku anapotoka chuoni kwenda kusimama mbele ya watoto kwa mara ya kwanza. Sisi tufundishao katika chuo cha ualimu twawaona vijana hawa kila mwaka wakienda na kurudi. Majuma machache hayo ya mazoezi huwafanya wengine kuwa walimu hasa, na wengine huwatia hamu ya kuiacha kazi.

Na tumtazame mmoja wao, mzaliwa wa Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake virefu hupita mita 2,600. Kwao ni nchi ya migomba na michungwa. Watu hujuana kwa majina ya ukoo, na nyumbani husema Kiluguru. Mazoezi yake yalikuwa katika shule moja ya mjini Morogoro. Safari yenyewe si ndefu: gari hupita Kiroka, hushuka hata Bigwa, na mji ndio huo. Lakini mambo ya mji ni mbali na ya mlimani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya katani yakavuta watu wa kila kabila. Hata leo darasa moja huwa na watoto wa makabila mengi. Tena mjini chumba hulipiwa kodi, na ndizi, ambayo kwao hukatwa shambani, hununuliwa sokoni.

Siku ya kwanza alikuta watoto zaidi ya 70. Alipofungua kinywa, mmoja aliyacheka matamshi yake ya mlimani, na darasa zima likamfuata. Kijana akaitupia macho fimbo iliyokuwa pembeni. Hakuigusa, maana alijua kwamba kwa kanuni za shule fimbo ni ya mwalimu mkuu, au ya yule aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi. Akaendelea kufundisha hesabu za sehemu: nusu, theluthi na robo. Mwisho akauliza, "Mmefahamu?" Wote wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Mkufunzi aliyeketi nyuma akawaita watoto watatu waje ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyeweza.

Jioni ile kijana alimwambia mama mwenye nyumba kwamba heri arudi kwao akalime. Mama yule, muuza vitumbua, akamjibu: "Mwanangu, mteja akikiacha kitumbua changu, simgombezi. Hukionja mwenyewe, nijue kimepungukiwa nini."

Kesho yake kijana alikwenda shuleni na machungwa. Akayakata mbele ya watoto, akamwita yule aliyemcheka agawanye vipande. Safari hii hakuuliza, "Mmefahamu?" Alimwuliza mmoja mmoja, "Hiki ni sehemu gani? Umejuaje?" Mtoto mmoja, ambaye mama yake huuza matunda sokoni, akaeleza kuwa robo mbili ni sawa na nusu, akaziunganisha ili wenzake waone. Hapo kijana alitambua ya kwamba "ndiyo" ya watoto wote pamoja haimwonyeshi mwalimu kitu.

Jambo hili la kufundisha huku ukijifunza si geni katika nchi yetu. Mwezi wa Novemba 1974, katika mkutano wa TANU uliofanyika Musoma, iliazimiwa kwamba kufika mwaka 1977 watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe shuleni. Walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakafundisha vijijini huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na ya redio, wakiongozwa na walimu wazoefu. Kulikuwa na mapungufu mengi. Lakini watoto wengi walijifunza kusoma na kuandika kwa vijana hao.

Ninyi wazazi, mwalimu mwanafunzi akija kwenu, awe ametoka mjini kuja mlimani au mlimani kwenda mjini, mpokeeni kama mtoto wa nyumba. Mwonyesheni kisima na njia, na msimdharau mbele ya watoto, kwa maana mtoto hamsikilizi mtu ambaye baba yake humcheka. Nanyi wanafunzi, mkiwa hamkufahamu, semeni, "Mwalimu, sijafahamu." Neno hilo si utovu wa adabu, ndilo limfundishalo mwalimu kazi yake. Na ninyi vijana mliomo katika mazoezi, msihesabu siku moja mbaya kuwa ndiyo hukumu ya maisha yenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: huenda watoto wale wanangoja jambo mlilo nalo ninyi, nao wasilopata kwa mwingine.