Sheria ya Afya Ilianza na Panya
Hotuba iliyotolewa mbele ya wananchi mjini Masii



Nimeombwa niseme juu ya sheria za afya na ustawi wa jamii. Najua wengi wenu mnatazamia nianzie kwenye Katiba ya mwaka 2010. Naomba subira yenu, kwani nitaanzia kwa panya.

Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, katika soko la Wahindi, na wakubwa wa wakati huo wakaamua kulitia soko moto. Zaidi ya miaka kumi baadaye akaletwa mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu, ati ndiyo njia ya kuzuia maradhi. Katika mawazo ya namna hiyo ndipo ilipozaliwa Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza kutumika Septemba 1921, na ambayo ingali katika vitabu vyetu kama sura ya 242. Isomeni. Ina maneno mengi juu ya uchafu, karantini, maghala na panya, na adhabu za wakosaji. Haki ya mgonjwa kutibiwa utaitafuta humo mpaka uchoke.

Sisemi kwamba haikufaa kitu. Choo kilichochimbwa kwa amri ya chifu humkinga mtoto na kuhara sawasawa na kile kilichochimbwa kwa hiari. Lakini mwananchi alifunzwa kuiona afya kuwa shughuli ya askari. Afisa wa afya alipotokea sokoni, watu walianza kufunga vibanda. Matunzo yenyewe, yaani kumlimia mgonjwa shamba, kumjengea mjane nyumba, yalitoka kwenye mwethya, na mwethya haukuandikwa na bunge lolote.

Uhuru ulileta sura nyingine, nasi tuwe waadilifu tuseme hivyo. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wa nje. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya akiba ya uzeeni, tunayoijua kama NSSF, na mwaka 1966 bima ya hospitali, NHIF. Hata hivyo bima hiyo iliwekwa kwa waliopata zaidi ya shilingi 1,000 kwa mwezi. Wazee mlio hapa, nani kati yenu alikuwa na mshahara huo mwaka 1966? Mlango wa kujiunga kwa hiari ulifunguliwa mwaka 1972, nao ulikuwa mwembamba.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Desemba 1989, wakati nchi ingali chini ya chama kimoja kwa kifungu cha 2A, mwananchi aliambiwa kwamba matibabu ni ya kugawana gharama. Nilimwona jirani yetu akirudi kutoka kituo kimoja cha afya, mtoto mgongoni ana homa, kwa sababu alikosa shilingi 10 za kujiandikisha. Alikuwa na kuku, lakini siku hiyo haikuwa siku ya soko. Watafiti waliopima mahudhurio katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa Nairobi waliona kwamba ada ilipoanza, wanaume walibaki asilimia 40 ya idadi ya kwanza na wanawake asilimia 65. Ukimwi ulikuwa tayari nchini! Septemba 1990 ada hiyo ikasimamishwa, na kuanzia mwaka 1992 ikarudishwa hatua kwa hatua. Nani aliulizwa? Mchujo wa uchaguzi wa mwaka 1988 ulikuwa wa kupanga foleni nyuma ya mgombea; bunge lililotoka humo halikuwa na ujasiri wa kuuliza bei ya dawa.

Kuna watu husema kwamba vyama vingi ni mambo ya wanasiasa, hayampi maskini kitu. Nawajibu kwa mfano mmoja. Kwa miaka mingi sheria yetu iliyomhusu fukara asiye na makao ilikuwa ni Sheria ya Uzururaji, iliyompeleka mbele ya hakimu. Ilifutwa mwaka 1997, katika mageuzi yaliyoafikiwa na vyama vya bungeni kabla ya uchaguzi, pamoja na kupunguzwa kwa mamlaka ya chifu. Haikumpa fukara mkate. Ilimwondolea pingu.

Mwaka 2004 tuliona mambo mawili pamoja. Bi Charity Ngilu, binti wa Ukambani, akiwa Waziri wa Afya, alishusha ada ya zahanati hadi shilingi 10 na ya kituo cha afya hadi 20. Bunge likapitisha mswada wake wa bima ya afya kwa wote, Rais akakataa kuutia sahihi. Na mwaka huohuo mahindi yenye sumu ya ukungu yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Sheria ya 1921 ililinda ghala la mfanyabiashara wa mjini. Ghala la mama wa Ukambani, anayelala karibu na mahindi yake kwa kuogopa wezi, hakuna aliyelikagua wala kumpa turubai la kuanikia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ndiyo iliyogeuza maneno: afya ni haki, hifadhi ya jamii ni haki, na asinyimwe mtu matibabu ya dharura. Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikaondolewa, na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma.

Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimiwa uwezo wake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zikadiriwe kwa mwaka mzima: shilingi 3,600. Nami nauliza, mkulima wa Masii ambaye mvua imemkosa misimu miwili atazitoa wapi kwa mkupuo?

Iko sheria nyingine ya mwaka huohuo 2023, isiyozungumzwa sana, inayosema fedha zinazokusanywa na kituo cha afya zibaki kituoni, zisimamiwe na kamati yake. Kabla hatujatawanyika leo, nataka kila kata ichague watu wawili. Waende zahanati yao wiki ijayo waulize kwa upole, na kwa maandishi, majina ya wanakamati, kiasi kilichopokewa mwaka uliopita, na dawa zilizonunuliwa. Karatasi na kalamu ziko hapa mezani.