Saumu Angani: Fuata Jua, Usifuate Saa ya Nyumbani



Ndugu msomaji, Ramadhani moja binamu yangu aliondoka hapa Dundori kwenda kusoma Marekani. Ndege ilipaa Nairobi saa sita usiku. Ilipokaribia saa kumi na moja alfajiri kwa saa yake ya mkononi, akala daku, akanuia. Adhana ya Magharibi ilipolia huku kwetu, mama yake akampigia simu: "Mwanangu, umeshafuturu?" Maskini, huko New York ilikuwa bado saa sita ya mchana haijafika! Mama akamwambia afungue, mbona ameshatimiza siku. Je, afungue?

Tuanze na hesabu. Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Safari ya moja kwa moja ilianza Oktoba 2018, nayo huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kuwa pepo za juu huisukuma ndege inayoelekea mashariki. Saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa 7 au 8, kutegemea msimu.

Sasa angalia. Ukienda magharibi unakimbia mbele ya jua, usiku unarefuka. Binamu yangu alipokula daku, nje ya dirisha kulikuwa bado giza tele, na alikuwa na saa nyingi za kula. Yeye alifuata alfajiri ya Dundori. Jua la New York lilikuwa lizame saa moja jioni, yaani saa nane usiku kwetu. Hiyo ni saumu ya saa 21! Ukirudi mashariki mchana, mambo ni kinyume: unalipokea giza, na Magharibi hukujia upesi.

Kanuni ni nyepesi: alfajiri na Magharibi ni za pale ulipo. Na ukiwa juu, jua huchelewa kuzama. Mwaka 2011 mufti wa Dubai alisema wakaao juu ya ghorofa ya 80 ya Burj Khalifa wangoje dakika 2 zaidi. Kwenye ndege, mita 11,000 juu, ni zaidi ya dakika 10. Kwa hiyo usifungue kwa kuwa mji ulio chini umeshaingia giza, nawe jua unaliona.

Basi binamu yangu hakuwa na ruhusa ya kufungua kwa adhana ya Dundori. Lakini alikuwa na ruhusa nyingine: ya msafiri, iliyomo Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Masafa wanayotaja wanazuoni wengi ni kilomita themanini na kitu, na kutoka hapa hadi Nairobi tu umeshayapita. Angekula, akalipa siku moja baadaye.

Wazazi wetu, mtoto akiwa safarini, msimuulize kwanza kama amefuturu. Muulizeni: "Huko jua liko wapi?"

Wabillahi tawfiq.